Dogo karudi Mlali wiki ya tatu: aibu na mwaka wa kwanza wa chuo



Nilipanga kuandika juu ya bei ya nyanya, lakini Jumamosi moja alfajiri dada yangu akapiga simu. Hakusalimia. "Kaka, mwanao karudi." Karudi wapi? "Karudi hapa nyumbani. Na begi lake lote."

Kwa wasiojua mambo ya kwetu: Waluguru tunahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto wa dada ni wangu kabla hajawa wa shemeji, na likitokea la kutokea anaitwa mjomba. Basi nikatoka Moro mjini, nikashika barabara ya Iringa, nikakata kushoto, nikapita Mzumbe, nikaingia Mlali. (Nasema Mlali ya Mvomero, chini ya milima ya Uluguru, mahali magari ya mboga ya Mgeta yanapopumzisha breki. Ile ya Kongwa ni nyingine, msije mkampoteza mtu.)

Dogo nilimkuta shambani anafunga miche ya nyanya kwenye vijiti. Kazi safi kabisa. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Tukakaa kama dakika kumi tunafunga miche wote wawili bila neno, maana na mimi si msemaji. Ndipo akaanza kutoa, kidogo kidogo.

Chuo alipata, kozi nzuri, mkopo pia alipata. Chuo chenyewe sikitaji, kiko mbali na hapa. Wiki ya pili wakapangwa makundi ya presentesheni, watu wanane wanane. Siku ya kundi lao ilipofika, kabla mhadhiri hajaita majina, dogo akatoka mlango wa nyuma kama mtu anayekwenda msalani. Hakurudi. Wenzake wakagawana kipande chake palepale mbele ya darasa, wakababaika, wakachekwa. Tangu siku hiyo akawa anazunguka nyuma ya majengo asikutane nao. Na pa kulala hana, anabebwa. Mliopita vyuoni mnajua kubebwa: unalala kitanda kimoja na mshikaji aliyepata chumba, kimyakimya, na kila mlango ukigongwa moyo unaruka.

Nikamuuliza, bumu je? Akasema bado halijatoka.

Nikapiga simu kwa kijana mwingine wa chuo hichohicho. Bumu lilishatoka siku tisa nyuma! Watu wamesaini, wamekula chipsi kuku, wengine wameshaanza kukopana tena. Dogo hana habari. Tangazo lilipita kwenye grupu la WhatsApp la darasa na yeye hayumo, kwa sababu ili uingie lazima umfuate CR umpe namba, na CR ni binti anayekaa mstari wa mbele na marafiki zake watano. Dogo alijaribu mara mbili kumfuata. Mara zote mbili akapitiliza kama anakwenda kwenye swichi ya feni.

Kwa hiyo huyu mtu tunayesema chuo kimemshinda alikuwa na njaa. Mlo mmoja kwa siku, na pesa yake ipo inamsubiri. Tufanye hesabu kidogo. Posho ya chakula na malazi ya bodi ya mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, ilipanda kutoka 8,500 mwaka 2022. Awamu ya siku 60 ni laki sita. Usiposaini ndani ya muda uliowekwa, hela inarudishwa bodi na unaanza kuifukuzia kwa barua. Laki sita, kwa sababu ya kuogopa kusema "naomba uniunge".

Najua wengi mnaosoma hapa mko kafe mnahangaika na mambo hayohayo: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, maombi ya mkopo, kuchagua vyuo, na jamaa wa kafe anakuhesabia dakika. Ndiyo maana nimeona niandike. Fomu utajaza na zitakubaliwa. Ila hili la aibu halina fomu, na hakuna afisa atakayekuambia mapema.

Kwanza tuelewane hii aibu inatoka wapi, maana watu wanaisema kama kilema cha kuzaliwa. Mtoto wa Mlali, na nadhani wa Sumbawanga na Pemba vilevile, analelewa hivi: wakubwa wakiongea anakaa pembeni. Akitumwa anakwenda. Akiulizwa anajibu kifupi, macho chini. Akichangia bila kuulizwa anaambiwa ana kimdomo, na lawama anapewa mama yake. Shuleni yaleyale. Mwalimu anauliza "mmeelewa?", darasa zima linaitika "ndiyooo", na atakayenyoosha mkono kusema hajaelewa anaambiwa wenzako wote wameelewa kasoro wewe. Miaka 13, kuanzia la kwanza hadi kidato cha sita, unasifiwa kwa utulivu. Kwenye ripoti wanaandika tabia njema sana.

Halafu unaingia chuo, na utulivu uleule unakatiwa maksi.

Hili hakuna anayekutangazia. Chuoni kuongea ni sehemu ya kozi. Vyuo vyetu vingi kozi waki ina 40, mtihani wa mwisho 60, na ndani ya ile 40 mna semina, presentesheni na kazi za makundi. Dogo alipotoka mlango wa nyuma alizikimbia maksi zake mwenyewe, na za wenzake saba.

Juu ya hapo weka Kiingereza. Tumesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari ikageuka ghafla, na hiyo ghafla wengi haikutuacha salama. Habari hii si ya jana. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi nchini wakaona ni kama asilimia 10 tu ya waliofika kidato cha nne waliokuwa na kiwango cha kuweza hata kuanza kufundishwa kwa lugha hiyo. Hata wale wa chuo kikuu waliopimwa, walioweza kusoma kwa urahisi vitabu vyepesi vya kozi zao hawakufika asilimia 20. Sera ya elimu ya 2014 ikaandika kwamba Kiswahili kitafundishia ngazi zote, lakini ukiingia lekcha leo unakuta Kiingereza palepale kilipoachwa. Nina rafiki yangu kwa Kiswahili anaweza kukuuzia baiskeli yako mwenyewe. Semina anakuwa mtulivu kama maji ya mtungi. Huyo hana aibu, ana msamiati mdogo wa lugha ya watu, ila kwa anayemtazama kutoka mbele ya darasa wote wanafanana.

Na umati nao. Chuo kikuu cha kwanza nchini kilipoanza Oktoba 1961 pale Dar, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 14, wote wa sheria. Watu 14! Hata ukijificha mwalimu anakuona, na baada ya wiki moja mnajuana hadi majina ya shangazi. Leo somo la mwaka wa kwanza linalosomwa na kozi nyingi kwa pamoja linaweza kuwa na mamia ya watu ukumbini, wengine wamesimama mlangoni. Ukikaa nyuma unaona visogo mia tano na kila kisogo unadhani kinakuwaza wewe.

Hakikuwazi. Hapa nina ushahidi wa nje na wa ndani.

Wa nje ni huu. Mwaka 2000 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Thomas Gilovich wa chuo cha Cornell, na wenzake walitoa utafiti wao wa fulana. Walimvalisha mwanafunzi fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, ambaye vijana wa pale walimwona wa kizamani, aibu tupu, kisha wakamwingiza chumbani kwa wenzake. Akitoka wanamuuliza: unadhani wangapi wameiona picha? Wavaaji walikadiria karibu nusu ya watu. Walioiona kweli walikuwa kama robo. Yaani aibu yako unaiona mara mbili ya inavyoonekana. Na kabla ya hapo, miaka ya 1970, Philip Zimbardo wa Stanford aliwauliza watu wengi kama wana aibu, na kama asilimia 40 wakasema ndiyo. Hao ni Wamarekani, wale tunaowaona kwenye filamu wanaongea mpaka na watu wasiowajua kwenye lifti.

Wa ndani ni mimi. Mwaka wangu wa kwanza, chuo nakihifadhi, nilipewa kufungua presentesheni ya kundi. Saa tisa alasiri. Nikasimama, nikakohoa, nikasema gudi moning. Darasa likacheka. Nikataka kurekebisha, nikasema gudi naiti. Wadau, ukumbi ulianguka. Kwa wiki mbili sikukanyaga kafteria, nilikuwa nakula mihogo ya kukaanga nje ya geti kama mlinzi. Miaka baadaye nikakutana na watu watatu wa darasa lile kwenye harusi Kihonda, nikawauliza wanakumbuka siku ya gudi naiti? Hakuna. Mmoja akabisha kabisa kwamba mimi sikuwa kundi lile.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe, ambalo nilikuja kulielewa palepale shambani nikimtazama dogo.

Wakati tunaongea akaja dalali na pikipiki kuulizia nyanya. Dogo huyuhuyu, aliyeshindwa kumpa CR namba ya simu, akainuka, akamtazama dalali usoni, akamwambia bei hiyo peleka kwingine, tenga langu silijazi mpaka juu kama kichuguu kwa hela hiyo, na wiki iliyopita umemlipa fulani zaidi. Bei ikapanda. Dalali akaondoka anacheka. Dogo akarudi kwenye miche, akainama, akawa yule mpole tena.

Nikakumbuka na mimi. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunapanda juu ya magunia ya kabichi kwenda kuuza pale Mzumbe. Pale palianza 1953 kama shule ya kufundishia watumishi wa serikali za mitaa, ikawa IDM mwaka 1972, ikawa chuo kikuu 2001, ingawa wazee wetu hadi leo wanasema "naenda IDM". Wanafunzi wa pale walikuwa watu wakubwa, wamevaa viatu vya kung'aa, wana vitabu vinene. Sikuwaogopa hata kidogo. Nilikuwa nawaita, nawabembeleza, na chenji nawapunja. Nilikuja kuwaogopa siku nilipokuwa mmoja wao na sina karoti mkononi.

Mnaona? Mwenye aibu akiwa na shughuli anaongea. Kinachomuua ni kusimama mikono mitupu akitakiwa "achangamke". Kwa hiyo mimi ushauri wa "jiamini, changanyika na watu" siuamini, nimeusikia miaka yote na haujamsaidia mtu yeyote ninayemjua. Mwenye aibu mpe kazi. Kama hapewi, aitafute.

Nikamweleza dogo hivi. Kwenye kundi la asainimenti, siku ya kwanza kabisa, kabla hawajaanza kubishana, sema sentensi moja: "Mimi nitachapa." Basi. Kuanzia hapo wote saba lazima wakutafute wewe. Huyu analeta kipande chake, yule anauliza kama umepokea, wa tatu amechelewa unampigia. Mazungumzo yanakujia yenyewe na wewe una mamlaka ya kuuliza. Baada ya wiki mbili unawajua majina, na wao wanakujua. Ila angalieni, kuna makundi yanamgeuza mchapaji punda: wao wanakwenda bash, yeye anaandika yote na majina nane anayaweka. Chapa ulicholetewa. Ambaye hajaleta, jina lake liache wazi na umwambie mapema. Uso utakuwaka moto lakini atakuletea.

Halafu kuchapa hakukuondolei kusimama. Siku ya presentesheni chukua kipande chenye jedwali au namba, maana mkono una cha kuonyesha na macho ya watu yanakwenda ukutani. Na omba uwe wa kwanza au wa pili. Wenye aibu wote tunaomba kuwa wa mwisho, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu unakaa dakika arobaini unajipika mwenyewe na wakati huo wenzako wameshasema mambo yako yote. Usiku wake nendeni kwenye vimbweta mkaiseme kwa sauti, kwa Kiingereza, mara tatu. Kusoma kwa macho si sawa na kusema. Ulimi ni kama jembe, unazoea mpini. Na salamu angalia saa kwanza.

CR mfuate na karatasi. Andika jina, namba ya usajili, namba ya simu, na chini "naomba kuunganishwa kwenye grupu". Mpe. Karatasi haina kigugumizi. Hiyo ifanye wiki ya kwanza, hata ukikosa mengine yote, kwa sababu ratiba ikibadilika, chumba kikihama, tesiti ikisogezwa, bumu likitoka, habari inapita huko. Kabla ya kuwa mtu wa kuongea, kuwa mtu wa kusikia. Dogo angekuwa kwenye grupu bila kuandika neno hata moja, angeshasaini.

Kuhusu mhadhiri, watu wanajitesa bure. Wengi wana saa zao za kuonana na wanafunzi, zimebandikwa mlangoni. Nenda na ukurasa wenyewe na swali limeandikwa. Na nawapa siri: ukishaingia ofisini, wahadhiri wengi mnaongea Kiswahili vizuri tu. Kile Kiingereza kinabaki ukumbini. Mimi hisabati za takwimu nimezielewa ofisini kwa Kiswahili, kule lekcha nilikuwa nanakili tu kama mpiga chapa.

Sehemu ya kukaa nayo ina maana yake. Chagua kimbweta kimoja, saa ileile kila siku. Usiongee na mtu kama hutaki. Wiki ya kwanza watu wanakupita, ya pili wanatikisa kichwa, ya tatu mmoja anauliza kama una madesa ya mwaka jana. Hapo umepata mshikaji bila kusema neno. Wenye kwaya za TMCS, wenye jumuiya za Kiislamu, wenye timu za mpira, huko nako ni hivyohivyo: kuna kazi, viti vya kupanga, jezi za kufua, na aliyeshika kazi anasalimiwa.

Na msidharau utani. Mimi chumbani nilikuwa na Mpare na Mchaga. Kwa wiki mbili nadhani hawakulala, yule anamwambia mwenzie mwizi, huyu anajibu bahili wewe, unakula kwa harufu. Nilidhani watapigana. Kumbe ndivyo walivyokuwa wanafahamiana, babu zao waliwaachia maneno tayari, wao wanayachukua tu. Nami wakanitafutia la kwangu, Mluguru wa mlimani anatembea miguu imepinda kwa kuzoea miteremko. Nikajibu. Sikumbuki nilijibu nini, ila kuanzia siku hiyo tulikuwa tunanunua mchele pamoja.

(Kuna watakaosema JKT inamaliza aibu. Tangu mafunzo ya mujibu wa sheria yaliporudishwa 2013 vijana wengi wa kidato cha sita wanapitia huko. Dogo kapitia. Kule unaitika "afande!" kwa sauti kubwa na watu mia wengine. Ni kwaya ileile ya "ndiyooo", imevaa buti tu.)

Nije kwenye jambo zito, maana si kila hofu ni ya kuchekea. Dogo alinikiri kuwa alichoogopa zaidi siku ile ni simu. Kwamba akikosea kuna mtu atamrekodi, kesho sura yake ni stika. Hofu hii ina historia kwenye vyuo vyetu kabla ya simu. Pale Mlimani kulikuwa na kitu kinaitwa Mzee Punch: maandishi na michoro ya kubandikwa ukutani, waandishi hawajulikani, kilianza kama dhihaka ya wanafunzi, kikaishia kuwa mjeledi wa kuwachapia wanafunzi wa kike. Mwaka 1990 mwanafunzi Levina Mukasa alinyanyaswa na kundi hilo mpaka akakatisha maisha yake. Waandishi wanawake wa TAMWA, chama kilichoanzishwa 1987, walipiga kelele kubwa na nchi ikasikia. Kila mtu aliyesoma kimya ukuta ule akacheka alikuwa na sehemu yake. Leo ukuta uko kiganjani. Anayefanyiwa hivyo ajue Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inautaja uonevu wa mtandaoni kuwa ni kosa, na apige picha ya skrini kabla haijafutwa, aende kwa mshauri wa wanafunzi na mtu mmoja anayemwamini. Na wewe unayepokea stika, kama huwezi kukemea, basi isiishie kwako kwenda kwa mwingine.

Tena kuna aibu, na kuna kuumwa. Ukiona hulali siku nyingi, chakula hakipiti ingawa hela ipo, mkono unatetemeka hata ukiwa peke yako, au mawazo ya kufa yanakuja, hapo usisubiri kuzoea. Vyuo vina ofisi za ushauri nasaha na zahanati. Mwambie mtu leo, hata kwa ujumbe wa simu kama mdomo umekataa.

Jingine ambalo wengi hawalijui: ukiona kweli mwaka huu hauwezekani, usitoroke na begi usiku. Kuna utaratibu wa kuahirisha masomo. Unaandika barua, unaeleza sababu, chuo kinakubali au kinakataa, na bodi ya mikopo nayo inajulishwa. Mwenye barua anarudi mwakani kwenye nafasi yake. Aliyeondoka kimya anaandikwa mtoro, jina linafutwa, na kuanza upya ni kuanza na fomu. Dogo alikuwa hajafika huko. Wiki tatu bado ni kitu kidogo. Mitatu mingine kama hiyo ingekuwa habari nyingine.

Jumapili jioni dada alitupikia ugali na mlenda, tukala bila kulizungumza tena, maana hata sisi kwetu likishasemwa shambani halirudiwi mezani. Usiku dogo akaandika karatasi mbili, moja ya CR na moja ya kundi lake kuomba radhi. Ya pili aliichana mara nne. Sikumsaidia. Jumatatu nikampeleka Msamvu, nikampa nauli na hela ya kula siku tatu, akapanda basi. Hakupunga mkono, ila niliona ameinua kidevu kidogo, ndivyo anavyoaga.

Alhamisi akatuma ujumbe: "Shikamoo mjomba. Nimesaini. CR kumbe kwao Kilosa." Jumamosi akatuma mwingine: wenzake wamemnunia siku moja, ya pili wakampa kazi ya kuchapa, na mhadhiri amekubali asimame Jumanne dakika tatu kusema kipande chake. Kaomba jedwali lenye namba.

Jumanne yenyewe ni kesho kutwa. Dada naye kila saa ananipigia, anataka kujua miche iliyobaki nani ataifunga.

Naomba kuwasilisha.